Beringi za Injini ya Pikipiki: Namna ya Kuzibadili Nyumbani

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa wana-chama, Kisumu



Katibu wetu ameniomba niseme juu ya kazi ya mikono, maana amechoka, asema, kusikia mishahara na likizo tu katika kila mkutano. Nami nimekubali kwa furaha. Nitasema juu ya beringi za injini ya pikipiki, na namna mtu awezavyo kuzibadili mwenyewe nyumbani kwake.

Pengine mmoja atauliza, "Jambo hili lahusu nini chama cha wafanyakazi?" Ndugu yangu, latuhusu sana. Jina la boda boda lilitoka mpakani Busia, siku za baiskeli. Leo ni pikipiki, na wengi wetu hapa tunayo. Asubuhi yatuleta kazini kutoka Nyamasaria au Mamboleo. Zamu ikiisha, wengine huchukua abiria wa Kondele, au samaki wa akina mama kutoka Dunga hadi soko la Kibuye, wapate karo ya watoto. Basi pikipiki ni jembe la pili la nyumba. Tena pikipiki nyingi zimenunuliwa kwa mkopo, na mkopo haungoji fundi. Ikilala juma mbili, mwenye deni aja kuichukua.

Neno langu la leo ni moja. Beringi huonya kabla ya kufa. Mwenye kuisikia mapema aweza kuibadili nyumbani kwa vyombo vichache na subira nyingi. Asiyeisikia atanunua injini nzima. Lakini iko kazi moja isiyofaa kufanywa nyumbani, nayo nitaitaja waziwazi.

BERINGI NI KITU GANI

Sisi watu wa reli tunajua beringi tangu zamani. Reli ilipofika hapa ziwani Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, ekseli za mabehewa zilizunguka juu ya vipande vya shaba nyeupe na nyekundu vilivyolainishwa kwa oili ndani ya sanduku. Oili ikipungua, sanduku lilipata moto hata kuwaka. Ndiyo sababu mkaguzi wa mabehewa alipita kando ya treni akigusa kila sanduku kwa mgongo wa mkono. Hakungoja moshi. Aliuliza chuma, na chuma kikamjibu.

Katika pikipiki zetu, kranki imeshikwa na beringi mbili kubwa za gololi, moja kushoto na moja kulia. Kila beringi ina pete ya nje, pete ya ndani, gololi katikati, na bati linalozitenga gololi zisigongane. Shauri hili la gololi si geni. Philip Vaughan wa Carmarthen, huko Wales, alipata hati yake mwaka 1794 kwa ajili ya ekseli za magari ya farasi. Zaidi ya beringi hizo mbili, iko nyingine chini ya konrodi, inayozunguka juu ya pini ya kranki. Hiyo haina gololi bali vijiti vyembamba vya chuma. Tena ziko beringi za gia. Haya, mzijue kwa mahali pake, maana kila moja hulia kwa sauti yake.

SAUTI NA DALILI

Beringi kubwa za kranki zikichakaa, hutoa mngurumo wa chini, nao hupanda kadiri unavyozidisha moto. Utausikia hata kwa nyayo, pale unapokanyaga. Beringi ya konrodi ikichakaa, hugonga: ko, ko, ko, hasa unapopanda mlima na mzigo, kama njia ya Kiboswa. Pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi, kisha sauti hupungua ikipata moto. Valvu hutoa mlio mwepesi wa juu, kama saa ya ukutani. Usimfungulie mgonjwa tumbo kwa sababu ya kikohozi.

Chukua bisbisi ndefu, weka ncha yake juu ya kasha la injini na mpini wake sikioni. Angalia nguo zako zisishikwe na kitu kinachozunguka. Sogeza ncha huku na huku, na mahali panapolia sana ndipo penye ugonjwa.

Dalili ya pili ni oili. Imwage katika karai safi mahali penye jua. Ukiona vumbi linalong'aa, pitisha sumaku. Linaloshikwa na sumaku ni chuma cha beringi au gia. Lisiloshikwa, huenda ni alumini ya pistoni au ya kasha.

Dalili ya tatu, ondoa kifuniko cha magneto, shika gurudumu lake kwa mikono miwili, ulisukume juu na chini. Ukisikia linacheza, beringi ya upande huo imekwisha.

Msidharau dalili hizi. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alisikia mngurumo majuma mengi, akasema pikipiki ni kuukuu, acha ilie. Siku moja, karibu na Otonglo, injini ilikaza ghafula, na gurudumu la nyuma likasimama huku lori likimfuata. Alinusurika kwa sababu alibana klachi upesi, gurudumu likaachiliwa, naye akatoka barabarani. Kumbukeni hilo, hata mkisahau mengine yote: injini ikikaza, bana klachi.

KUNUNUA BERINGI

Kila beringi imeandikwa namba. Usiende dukani kusema, "Nipe beringi ya pikipiki." Soma namba ya ile ya zamani, na uilinganishe na kitabu cha pikipiki yako. Katika namba kama 6304, tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 au zaidi, zidisha kwa tano upate upana wa tundu kwa milimita. Basi 04 ni milimita 20, na 05 ni milimita 25. Beringi ya 6304 ina milimita 20 ndani, 52 nje, na unene wa 15. Ile ya 6205 ina milimita 25 ndani, 52 nje, na unene wa 15. Mwaona? Kwa nje zalingana kabisa, lakini moja haiingii mahali pa nyingine.

Tena tazama maandishi ya nyuma. Ikiwa ya zamani iliandikwa C3, nunua ya C3. Maana yake ni kwamba nafasi ya ndani, kati ya gololi na pete, ni kubwa kidogo kuliko ya kawaida, ili beringi ikipata moto isikabe. Muuza duka akikuambia, "Ni sawa tu," mwulize kama atapanda yeye.

Beringi za bandia ni nyingi, hasa zenye majina makubwa kama SKF ya Sweden, au NSK na Koyo za Japani. Nunua kwa wakala anayejulikana, udai risiti. Bei ikiwa ndogo mno, hiyo yenyewe ni onyo. Nunua zote mbili, kushoto na kulia, maana zimetembea safari moja na kunywa oili moja. Nunua pia sili mpya za oili na gasketi mpya. Vitu hivi vyote pamoja bei yake ni ndogo mbele ya bei ya injini.

KUFUNGUA INJINI

Osha injini kwanza, kabla ya kugusa nati hata moja. Mchanga wa Kano ukiingia katika beringi mpya, umefanya kazi ya bure. Fungua waya wa betri. Mwaga oili ingali moto. Tandika gunia safi au kipande cha mbao, usifungulie juu ya udongo.

Chukua karatasi ngumu ya kasha la sabuni, chora umbo la injini, na kila bolti unayoitoa uichomeke katika karatasi mahali pake. Bolti za kasha hazina urefu mmoja. Ukitia ndefu mahali pa fupi, utapasua alumini.

Toa injini katika fremu, nanyi muwe wawili. Ondoa kichwa, kisha silinda. Kabla ya kutoa kipete kinachobana pini ya pistoni, ziba tundu la kasha kwa kitambaa, kipete kisije kikaanguka ndani. Sasa, pistoni ikiwa imetoka, shika konrodi ikiwa juu kabisa, uivute juu na kuisukuma chini bila kuizungusha. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, beringi yake imekwisha. Ikienda kando kidogo, kushoto na kulia, hiyo ni nafasi yake ya kawaida, ambayo kitabu hutaja kipimo chake.

Upande wa klachi, toa klachi na gia yake. Nati nyingine hufunguka kinyume, basi tazama kitabu kabla ya kutia nguvu. Upande wa magneto, tumia pula ya kufaa. Nasema tena, pula. Anayepiga magneto kwa nyundo hupasua sumaku na kupinda kranki, kisha asema pikipiki ilikuwa mbovu. Chunga kichuma kidogo cha umbo la nusu mwezi kilicho katika kranki. Ni kidogo kama punje ya mahindi, na bila hicho injini haiwaki sawasawa.

Kisha legeza bolti zote za kasha kwa mkingamo, kidogo kidogo, na uhakikishe hakuna iliyobaki. Gonga kasha kwa nyundo ya mpira au ya mti mpaka liachane. Usiingize bisbisi katika maungio kulifumbua. Kovu moja tu hapo litavuja oili siku zote. Gia zitoe zikiwa pamoja, uzifunge kwa waya, na kila washa ikae mahali ilipokuwa.

KUTOA NA KUTIA BERINGI

Hapa ndipo penye siri ya kazi, nayo ni moto na baridi, si nguvu. Alumini ya kasha hupanuka kwa moto karibu mara mbili kuliko chuma cha beringi. Tundu la milimita 52, likipashwa moto kutoka digrii 25 mpaka 100, huongezeka karibu sehemu 9 za mia za milimita moja. Ni kama unene wa unywele, lakini kwa beringi ni mlango wazi.

Basi tumbukiza nusu ya kasha katika karai kubwa la maji yanayochemka, kwa robo saa. Sili za zamani uwe umekwisha kuzitoa. Hapa Kisumu tuko kiasi cha mita 1,130 juu ya bahari, na maji huchemka karibu digrii 96, kwa hiyo hayawezi kuunguza alumini hata ukisahau. Toa kwa glavu, geuza, gonga kidogo juu ya mbao. Mara nyingi beringi huanguka yenyewe. Ikikataa, isukume kwa bomba linalokaa juu ya pete, sawasawa pande zote. Usiweke kasha juu ya makaa yenyewe. Ndimi za moto hupinda alumini. Na karai hilo lisirudi tena jikoni, tafadhali, tusigombane na mama watoto.

Beringi mpya izungushie mfuko wa nailoni, uilaze usiku mmoja katika friji ya barafu. Ukiwa huna, mwombe muuza soda. Asubuhi lipashe kasha moto tena, likaushe upesi kwa kitambaa safi, paka oili tone moja, ukaidondoshe beringi wima. Itaingia kwa sauti ya "tu". Ngoja vipoe vyote kabla ya kuendelea.

Sasa sikilizeni sheria ambayo hairuhusu ubishi. Sukuma ile pete inayobana. Ukiitia beringi katika kasha, sukuma pete ya nje. Ukiitia katika kranki, sukuma pete ya ndani. Ukisukuma pete isiyo yake, nguvu yote hupita katika gololi, nazo huacha vishimo vidogo katika njia yake. Macho hayavioni. Lakini beringi hiyo mpya itanguruma kabla ya mwezi kwisha, nawe utamlaumu muuza duka bure.

KAZI ISIYO YA NYUMBANI

Niliahidi kutaja kazi moja ya kuiacha. Ni beringi ya konrodi. Kranki za pikipiki hizi zimeunganishwa vipande viwili kwa pini iliyoshindiliwa kwa nguvu nyingi. Kuitoa na kuirudisha kwahitaji presi. Kisha kranki hupimwa kwa saa ya kupimia, ikizungushwa, mpaka vipande vyote viwili viende katika mstari mmoja, tofauti ikiwa sehemu chache za mia za milimita. Haya hayafanyiki kwa nyundo juu ya jiwe. Ipeleke kranki peke yake kwa fundi mwenye presi na saa hiyo, umwombe akupimie mbele ya macho yako. Ukimwona anachukua nyundo kubwa, chukua kranki yako uondoke kwa adabu.

Hata hivyo umepata faida. Kufungua na kufunga umefanya mwenyewe, nawe unalipa kazi ya kranki tu. Tena hakuna anayeweza kukuambia kwamba gia zako pia zimekufa, maana umeziona.

KUFUNGA NA KUWASHA

Safisha maungio bila kuyakwaruza. Kila kinachozunguka kipakwe oili. Tia sili mpya na gasketi mpya. Kaza bolti kwa mkingamo, kwa zamu tatu, mpaka kipimo cha kitabu. Halafu zungusha kranki kwa mkono. Izunguke laini. Ikiwa nzito, usiseme italainika mbele ya safari. Gonga ncha yake kidogo kwa nyundo ya mpira, ikae katikati. Ikiwa bado nzito, fungua tena. Jaribu gia zote, moja moja, kabla ya kurudisha injini katika fremu.

Jaza oili ya namna na kiasi kinachotajwa na kitabu. Toa plagi, piga kiki mara ishirini hivi, ili oili ipande kwanza. Kisha rudisha plagi, washa, iache ingurume polepole, ukisikiliza kwa bisbisi yako. Kilomita 500 za kwanza usibebe gunia wala abiria wawili, na zikitimia, mwaga oili hiyo utie nyingine.

ZISICHAKAE UPESI

Kwa nini beringi huchakaa mapema? Kwanza oili, iliyopungua au iliyozeeka. Pili mizigo, na kupanda mlima kwa gia kubwa huku injini ikilia kama ng'ombe. Tatu maji. Nyando ikifurika na kufunika barabara ya Ahero, maji huweza kuingia katika injini, oili ikawa nyeupe kama maziwa. Usiwashe. Mwaga kwanza. Nne, mnyororo uliokazwa mno, ambao huvuta beringi ya gia mchana kutwa.

Na ya tano wengi hawaijui. Tunapochomelea keria kwa umeme, fundi huweka kibanio cha waya wa ardhi popote. Umeme ukipita katika injini, huruka kati ya gololi na pete na kuziunguza. Basi mwambie akiweke kibanio karibu kabisa na mahali anapochomelea, na betri ifunguliwe. Hilo halina gharama yoyote.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ndugu zangu, kuziba ufa kwataka mwiko, na mmoja wetu peke yake hana fedha ya kununua pula, sokoni nzuri, spana ya kupimia nguvu, na vibati vya kupimia nafasi. Hutumia mara moja kwa mwaka, kisha vyalala. Kwa hiyo naleta shauri mbele ya mkutano huu: tuchange, kila mtu kidogo, tununue sanduku moja la vyombo vya tawi. Liwe na daftari. Anayechukua aandike jina, tarehe, na kila chombo, na anayerudisha akaguliwe. Asiyerudisha asipewe tena. Sanduku moja litatutosha sote, na hapana atakayelipishwa injini nzima kwa ajili ya beringi mbili.

Mkikubali, injini ya kwanza tuifungue pamoja, Jumamosi ambayo wengi hawana zamu, hapa kwenye nyumba za reli. Kila mtu alete daftari na penseli, na mwenye pikipiki inayonguruma aseme leo, tuchague moja. Vijana wetu waliomaliza shule na wanaokaa bila kazi waje pia, washike spana, maana kazi hii yaweza kuwa mkate wao.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba shauri la sanduku lipigiwe kura, na maswali nitayajibu kadiri nijuavyo.